Saini ambayo Imre Nagy hakuwapa

Jioni ya tarehe 22 Novemba 1956, kwenye saa 12 na nusu hivi, kuna basi limesogezwa mbele ya ubalozi wa Yugoslavia mjini Budapest, pale kwenye kona ya Uwanja wa Mashujaa. Watu wanatoka ndani na vifurushi vyao, wanaume kwa wanawake, na watoto wao. Siku 18 wamebanana humo ubalozini, na sasa wameambiwa yameisha, kila mmoja anapelekwa kwake akalale kitandani kwake. Ipo barua. Serikali mpya ya Hungaria imeandika na kusaini kwamba hawa watu hawataguswa kwa yaliyopita. Basi likaondoka, na halikumfikisha hata mmoja wao nyumbani.

Hili tukio nimelisoma mara nyingi na kila nikirudi linaniuma upya, ndo maana leo nataka nilichambue lote, kuanzia mwanzo mpaka kaburini na hata baada ya kaburi, maana huyu Imre Nagy, waziri mkuu wa Hungaria aliyekua kati ya watu wa kwenye basi lile, walimsumbua hata akiwa amekufa.

Ukimuuliza mtu habari za Hungaria mwaka 1956 atakwambia vifaru. Ni kweli, vifaru vya Kisovieti viliingia Budapest mara 2 ndani ya siku 11, Wahungaria kama 2,500 wakafa, wanajeshi wa Kisovieti kama 700 nao wakafa. Lakini kwa mtazamo wangu vifaru vilishinda barabarani tu. Kilichowamaliza viongozi ni mialiko na ahadi. Mara 3 ndani ya wiki 6 watu waliitwa mezani kwa heshima, wakaenda, wakakamatwa hapo hapo. Na upande wa pili yupo mzee mmoja wa miaka 60 ambae walichokua wanakitaka kwake kilikua kidogo sana, saini yake tu, na hakuwapa mpaka wakamnyonga. Wao wanasaini wasichokimaanisha, yeye anakataa kusaini asichokiamini. Mimi kisa chote nakiona hapo.

Turudi nyuma kidogo ili mtu aelewe hasira ya wale wananchi ilitoka wapi. Hungaria ilipigana vita vya pili upande wa Ujerumani, ikashindwa, Jeshi Jekundu la Kisovieti likaingia na halikuondoka. Uchaguzi wa Novemba 1945 ulikua huru kiasi chake na wakomunisti wakaambulia kama asilimia 17, chama cha wakulima wadogo kikazoa asilimia 57, yaani wananchi walishasema wanachotaka. Haikusaidia kitu. Mátyás Rákosi, kiongozi wa wakomunisti, na wenzake wakiwa na Moscow mgongoni wakawamega wapinzani kipande kipande, leo huyu kafukuzwa, kesho yule kakamatwa, keshokutwa yule mwingine kakimbia nchi, mpaka kufika 1949 mpiga kura anapewa orodha moja tu. Polisi wa siri, ÁVH, walikaa Andrássy namba 60, jengo zuri kwenye barabara nzuri yenye miti, na chini yake vyumba vya mateso.

Vijijini ndo kulikua na balaa zaidi. Mkulima anapangiwa kiasi cha nafaka cha kuipa serikali, asipofikisha maafisa wanapanda darini kwake, maana kule nafaka wanaiweka darini, wanafagia mpaka punje ya mwisho na mbegu ya msimu ujao wanaondoka nayo. Wahungaria wana jina lake kabisa, wanaita kufagia dari. Mtu uliyekulia kijijini ukawahi kuona mama anavyoitunza mbegu, hata nyumba ikiwa na njaa haiguswi, utajua hilo jambo linaingia moyoni kiasi gani.

Sasa Imre Nagy ni nani? Alizaliwa 1896 Kaposvár kwenye familia yenye asili ya kijijini, akapelekwa vita vya kwanza, akatekwa na Warusi, akageukia ukomunisti huko huko utekani, baadae akaishi Moscow karibu miaka 15. Kwahiyo tusimfanye malaika. Mwaka 1945 akiwa waziri wa kilimo aligawa mashamba makubwa ya mabwana kwa wakulima, na wakulima hawakumsahau kwa hilo, lakini miaka michache baadae ni huyo huyo alikaa kwenye wizara iliyokusanya mazao kwa lazima, kipindi kile kile cha madari kufagiwa. Nalisema wazi kwasababu wanaomsifu huwa wanaliruka, na ukiliruka huwezi kuona mtu huyu alisafiri umbali gani ndani ya nafsi yake.

Stalin alipokufa 1953, Moscow yenyewe iliogopa kwamba Rákosi anaipeleka nchi pabaya, ikamweka Nagy kuwa waziri mkuu. Akafunga kambi za kazi ngumu, akaruhusu wakulima watoke kwenye mashamba ya pamoja wanaotaka, na familia za mjini zilizokua zimetupwa mashambani kwa nguvu zikaachiwa. Haikudumu. Mwanzoni mwa 1955 upepo wa Moscow ukageuka, wakamtoa uwaziri mkuu na baadae wakamfukuza na chama. Hapo ndo walimtaka afanye kitu ambacho wazee wetu walioishi enzi za chama kimoja wanakijua vizuri, kujikosoa. Simama, sema nilipotoka, kisha utasamehewa na utapewa kiofisi mahali. Nagy akakataa. Mwenzake yeyote kwenye nafasi ile angejikosoa tu na maisha yakaendelea, walishafanya hivyo mamia. Yeye akarudi nyumbani kuandika hoja zake. Hiyo ndo saini ya kwanza aliyowanyima, na nawaomba muiweke akilini maana zitafuata nyingine.

Oktoba 1956 mambo yakachemka. Tarehe 6 walimzika upya László Rajk, waziri mkomunisti aliyenyongwa 1949 kwa kesi ya kutungwa, na watu zaidi ya 100,000 wakaja. Serikali inamzika mtu iliyemuua yenyewe na inakiri alikua hana kosa! Mjane wake, Júlia, alikuwepo pale na mtoto wao mdogo wa miaka 7, Rajk mtoto, nae anaitwa László. Huyu mtoto tutakutana nae tena.

Tarehe 23 Oktoba wanafunzi wa vyuo wakaingia barabarani na madai yao 16, la jeshi la Kisovieti kuondoka likiwa mbele kabisa. Watu walichukua bendera ya taifa wakakata kwa kisu ile nembo ya kikomunisti iliyokua katikati, ikabaki bendera yenye tundu, na hilo tundu ndo likawa alama ya mapinduzi. Sanamu kubwa ya Stalin ikaangushwa usiku ule, yakabaki mabuti yake tu juu ya jukwaa. Umati ukajaa mbele ya Bunge ukimtaka Nagy. Wakamleta, akatoka dirishani, akaanza kama alivyozoea miaka yote, "Makomredi!" Umati ukampigia kelele kwamba sisi sio makomredi. Hebu fikiria mtu wa miaka 60 ambae neno hilo kalitamka maisha yake yote, analikataliwa na maelfu ya watu waliokuja kwa ajili yake. Mwisho akawaomba waimbe wimbo wa taifa nae akaimba nao. Alikua bado hajawaelewa, lakini kuanzia usiku ule alianza kuwasikiliza, na kwa mwanasiasa wa umri ule hilo sio jambo dogo.

Usiku huo huo risasi zikalia kwenye jengo la redio, alfajiri vifaru vya Kisovieti vikawa mitaani, na Nagy akatangazwa tena waziri mkuu. Hapa ipo karatasi moja ambayo watu wengi hawaizungumzii. Moscow ilihitaji barua ya serikali ya Hungaria kuomba jeshi liingie, ila jeshi lilikua limeshaingia! Wakamtaka Nagy asaini. Akagoma. Akaja kusaini András Hegedüs, waziri mkuu aliyetoka, siku kadhaa baadae, na ikaandikwa tarehe ya nyuma ya 24 Oktoba. Yaani mgeni anaingia ndani kwako kwa kuvunja mlango halafu kesho yake anakuletea barua ya mwaliko usaini.

Siku zilizofuata zilikwenda mbio na sitazieleza zote. Tarehe 25 watu wasio na silaha wakapigwa risasi mbele ya Bunge. Tarehe 28 Nagy akasema waziwazi hii sio ghasia ya wahuni, ni harakati ya taifa zima, akatangaza kusitisha mapigano. Tarehe 30 akafuta mfumo wa chama kimoja, siku hiyo hiyo umati kwenye Uwanja wa Jamhuri ukawaua vijana wa polisi wa siri waliokua wamejisalimisha, doa baya ambalo serikali iliyofuata ililitumia kwa miaka zaidi ya 30 kuwapaka wote waliosimama. Halafu Moscow ikabadili mawazo tarehe 31 na majeshi mapya yakaanza kumiminika mpakani. Nagy akamuita balozi wa Kisovieti, Yuri Andropov, akamuuliza mbona jeshi linaingia, Andropov akamjibu kwa upole majibu yasiyo na kitu. Tarehe 1 Novemba Hungaria ikatangaza kujitoa Mkataba wa Warsaw, yaani umoja wa kijeshi wa Moscow na washirika wake, na kutofungamana na upande wowote, na ikauandikia Umoja wa Mataifa. Bahati mbaya dunia wiki ile ilikua inaangalia Mfereji wa Suez, Uingereza, Ufaransa na Israel wameivamia Misri. Wahungaria wakaachwa na redio zao zinaita.

Jioni hiyo hiyo ya tarehe 1 alipotea János Kádár. Huyu alikua waziri kwenye serikali ya Nagy, na yeye mwenyewe aliwahi kufungwa na kuteswa enzi za Rákosi. Redio inarusha hotuba yake aliyorekodi akiyasifu mapinduzi ya wananchi, kumbe mwenyewe yuko njiani kwenda Moscow, kutoka huko alirudi akiwa kiongozi wa serikali nyingine.

Sasa mwaliko wa kwanza. Tarehe 3 Novemba mchana maafisa wa jeshi la Kisovieti walikuja Bungeni kujadili namna ya kuondoka. Walizungumza mpaka mambo ya itifaki, kwamba wanajeshi wanaoondoka waagwe kwa heshima na makumbusho ya askari wao yaliyovunjwa yatengenezwe. Nani angehisi kitu hapo? Wakasema tumalizie usiku kwenye kambi yetu Tököl, kusini mwa Budapest. Waziri wa ulinzi Pál Maléter, kanali wa vifaru aliyekataa kuwapiga wananchi wake akapandishwa kuwa jenerali, akaenda na wenzake. Karibu na usiku wa manane mlango ukafunguliwa, akaingia Ivan Serov, mkuu wa KGB, polisi wa siri wa Kisovieti, na watu wenye silaha, akawaweka wote chini ya ulinzi. Wapo waliosimulia kwamba hata jenerali wa Kisovieti aliyekua anaongoza mazungumzo alionekana kushtuka. Masaa machache baadae mashambulizi yakaanza na jeshi la Hungaria halina waziri wala mkuu wa majeshi, maana nae alikua pale pale mezani.

Saa 11 na dakika 20 alfajiri ya tarehe 4, Nagy akaingia redioni. Hotuba yenyewe haifiki hata dakika 2. Anasema majeshi ya Kisovieti yameanza kuushambulia mji mkuu kwa nia ya kuiangusha serikali halali, wanajeshi wetu wanapigana, serikali ipo mahali pake, na analijulisha hili taifa na ulimwengu. Basi. Baada ya hapo akaenda ubalozi wa Yugoslavia na watu zaidi ya 40, wake na watoto wakiwemo.

Na hapa kuna jambo la kuuma ambalo wale waliokimbilia pale hawakulijua. Usiku mmoja kabla, Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti, alikua ameruka kisiri mpaka kisiwa cha Brioni kuonana na Tito, kiongozi wa Yugoslavia. Wengi wetu Tito tunamjua kwa upande mwingine kabisa, rafiki wa Mwalimu, mmoja wa nguzo za Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote. Usiku ule alikubali kusaidia kumtoa Nagy kwenye njia, yaani amshawishi ajiuzulu ili serikali ya Kádár iingie bila doa. Hifadhi ya ubalozi ilikua na mpango huo ndani yake. Ila Nagy alishazungumza redioni, na hakujiuzulu. Tito akabaki na mgeni aliyemfungulia mlango mwenyewe, hawezi kumtoa kwa Warusi mchana kweupe, wala hawezi kumweka milele. Na vifaru vilizunguka ule ubalozi muda wote, mwanadiplomasia mmoja wa Kiyugoslavia aliuawa ndani kwa risasi za kifaru kilichofyatua kutoka nje.

Kwanini hiyo barua ya kujiuzulu ilikua na thamani kubwa namna hiyo? Kádár alikua na jeshi la kigeni nyuma yake, alikua na redio, alikua na kila kitu isipokua uhalali. Waziri mkuu halali yuko hai, yuko mita chache kutoka barabarani, na hajasema ameacha kazi. Kila siku inayopita bila ile barua, serikali ya Kádár ni watu walioletwa na vifaru tu. Wakamshawishi kwa kila njia, hakuitoa.

Wajumbe wakaanza kwenda na kurudi kati ya Belgrade na Budapest. Mwisho tarehe 21 Novemba Kádár akaiandikia serikali ya Yugoslavia kwamba serikali yake haina nia ya kumchukulia hatua yoyote Imre Nagy wala wenzake kwa mambo yaliyopita, na wako huru kwenda makwao. Hiyo ndo barua yenyewe.

Wapo wanaosema Nagy alikua mjinga kuiamini. Mimi nalikataa hilo kabisa. Kwanza barua hakuandikiwa yeye, iliandikiwa serikali nyingine, na serikali ikiidanganya serikali nyingine kwa maandishi inavunja kitu kikubwa kuliko neno la mtu na mtu. Pili, mle ndani kulikua na watoto, na hawakuweza kuishi ubalozini miaka. Tatu, alikua Mhungaria kwenye mji wake, hakutaka kukimbilia nje akaitwa msaliti aliyetoroka. Tunasema ahadi ni deni, na mdaiwa ndie anayeulizwa, aliyeamini haulizwi. Lawama ikae kwa aliyesaini.

Basi lilipofika, afisa wa Kisovieti akapanda. Wayugoslavia wakaweka watu wao wawili ndani kuhakikisha kila mtu anafikishwa kwake. Njiani wale wawili wakashushwa kwa nguvu, na basi likaongozwa na magari ya kijeshi mpaka kambi ya Kisovieti ya Mátyásföld. Mle ndani ya basi alikuwemo Júlia Rajk na yule mwanae wa miaka 7. Mama ambae mume wake alinyongwa wakati Kádár akiwa waziri wa mambo ya ndani, wiki 6 zilizopita taifa zima limemuomba radhi kwenye mazishi, na sasa amebebwa na mtoto wake kwa amri ya watu wale wale. Hilo nimeshindwa kulizoea. Kesho yake wakapakiwa kwenye ndege mpaka Romania, wakawekwa Snagov karibu na Bucharest, na wananchi wakatangaziwa kwamba Nagy na wenzake wameondoka kwa ombi lao wenyewe. Yugoslavia ikaandika malalamiko, na ikaishia hapo.

Mwaliko wa tatu uliwahusu wafanyakazi. Baada ya mapigano kuisha viwanda viligoma, kila kiwanda kina baraza lake, na hawa ndo walikua wagumu kuliko wote kwasababu huwezi kuwaita mabepari, ni wafanyakazi kweli wenye mafuta mikononi. Kiongozi wa baraza kuu la Budapest alikua kijana wa miaka 23, Sándor Rácz, fundi wa kutengeneza vifaa kiwandani. Polisi walimtaka lakini wenzake walimlinda kiwandani hawakuweza kumgusa. Kwahiyo wakamuita Bungeni, kwamba Kádár anataka kuzungumza nae. Tarehe 11 Desemba akaenda na mwenzake Sándor Bali, wakakamatwa walipofika. Rácz akahukumiwa kifungo cha maisha, akatoka kwa msamaha wa 1963.

Ukiziweka hizi 3 pamoja, Tököl, basi na Bunge, unaona sio bahati mbaya wala hasira za mtu mmoja, ilikua ndo njia ya kazi. Pale ambapo nguvu ingewagharimu, walitumia heshima ya mezani kama ndoano.

Snagov kulikua na ziwa na majumba, sio jela ya nondo, lakini familia ziliwekwa mbalimbali chini ya ulinzi. Nagy alitembelewa huko akashawishiwa tena, jikosoe, itambue serikali ya Kádár, na kwa hilo mambo yangeweza kuwa mepesi. Hakukubali. Akawa anaandika kumbukumbu zake na maelezo ya alichokifanya na kwanini. Aprili 1957 wakamkamata rasmi, wakamrudisha Budapest kwenye jela.

Kesi ilikua ya siri. Ilianza Februari 1958, ikasimamishwa kwasababu Moscow ilikua na mambo yake ya kidiplomasia na haikutaka kelele wakati ule, ikaendelea Juni. Kabla haijaisha wenzake wawili walioshtakiwa nae walishakufa. Géza Losonczy alifia jela Desemba 1957 akiwa amegoma kula wakimlisha kwa mpira, na József Szilágyi alitengwa kesi yake akanyongwa Aprili kwasababu alikua haogopi kuwajibu hakimu na waendesha mashtaka usoni. Kesi yote ilirekodiwa, masaa zaidi ya 50 ya sauti, na mwaka 2008, miaka 50 kamili baada ya hukumu, kanda zile zilichezwa hadharani Budapest siku hadi siku, watu wamekaa wanasikiliza. Yule waliyemficha kwenye chumba cha siri akasikika na mji mzima.

Tarehe 15 Juni hukumu, kifo, na rufaa hakuna. Mshtakiwa anaulizwa kama anaomba msamaha. Hii ndo karatasi ya mwisho waliyoitaka kutoka kwake, maana anayeomba msamaha amekubali kwamba alikosa. Nagy akasema haombi. Akasema faraja yake ni kwamba siku moja watu wa Hungaria na wafanyakazi wa dunia watamuondolea mashtaka hayo. Angalia, bado anawataja wafanyakazi wa dunia! Alikufa akiwa mkomunisti, kwa imani yake mwenyewe, na wakomunisti ndo walimuua. Alfajiri ya tarehe 16 Juni 1958 alinyongwa yeye, Maléter, na mwandishi wa habari Miklós Gimes. Taifa lilitangaziwa baada ya kila kitu kuisha.

Waliwafukia kwanza kwenye uwanja wa jela. Mwaka 1961 wakawafukua kisiri, wakawahamishia kona ya mwisho ya makaburi ya umma ng'ambo ya ukuta, kitalu namba 301, wamefungwa kwenye karatasi ya lami ile ya kuezekea, imekazwa kwa waya, na Nagy wakamlaza kifudifudi. Kwenye daftari la makaburi wakaandika jina la mwanamke, Piroska Borbíró. Jina la uongo kwa maiti! Ndugu waliokuja kutafuta wapendwa wao walifukuzwa, mahali penyewe pakaachwa vichaka, na askari wa farasi walikua wanakanyaga humo humo juu ya makaburi. Wasomaji wa Kongo hili mnalijua kwa uchungu wenu, Lumumba aliuawa Katanga mwaka huo huo wa 1961 na mwili ukayeyushwa kwa tindikali, likabaki jino ambalo lilirudi nyumbani 2022. Anayemuua mtu kihalali hana haja ya kuficha mifupa.

Waliouawa kwa hukumu baada ya 1956 ni zaidi ya 200, na watu kama 200,000 walikimbia nchi, wengi kwa miguu usiku kuvuka kwenda Austria. Kádár alitawala mpaka 1988. Ni haki kusema kwamba miaka ya baadae alilegeza kamba, watu walipata chakula, gari ndogo, likizo ziwani, na wengi walimzoea. Sharti lilikua moja, jina la Nagy usilitaje. Ukisoma vitabu vya shule vya wakati ule 1956 ni mapinduzi ya maadui tu.

Mwanzoni mwa 1989 ndo wakaanza kuchimba kitalu 301. Tarehe 16 Juni, siku ile ile aliyonyongwa, majeneza 6 yakawekwa kwenye Uwanja wa Mashujaa, hatua chache kutoka mlango wa ule ubalozi alikopandishiwa basi. Matano ya Nagy, Maléter, Gimes, Szilágyi na Losonczy, la sita tupu kwa ajili ya wote wasiojulikana. Nguzo za jengo kubwa la sanaa lililopo pale zilifunikwa nguo nyeupe na nyeusi, majina ya walionyongwa yanasomwa kwenye spika moja baada ya jingine, umri na kazi ya kila mmoja, fundi, dereva, mwanafunzi, na watu zaidi ya 100,000 wanapita na maua. Aliyebuni ile jukwaa na yale mapambo ya msiba alikua msanifu majengo wa miaka 40 akishirikiana na mwenzake. Jina lake László Rajk. Yule mtoto wa kwenye basi.

Kádár alikua bado hai, mgonjwa, ameshachanganyikiwa kwa mzigo wa hili jambo, miezi 2 nyuma alikua amesimama mbele ya kamati kuu ya chama akaongea maneno yasiyounganika kuhusu mtu yule ambae hakuweza kumtaja. Tarehe 6 Julai 1989 Mahakama Kuu ilikaa kuifuta rasmi hukumu ya Nagy na wenzake. Ndugu wa waliouawa wamejaa ukumbini, wanasikiliza. Katikati ya kikao karatasi ndogo ikaanza kupita mkono kwa mkono kwenye viti, kila anayeisoma anaipeleka kwa wa pembeni yake bila kusema kitu. Imeandikwa kwamba Kádár amefariki asubuhi hii.